Igizo la vijana wa mtaani: likiwa halijakaa sawa unawaambia ukweli au unapiga makofi tu?

MamaPendo_Igoma
Habari zenu wadau, hasa mlioko Mwanza. Naombeni mawazo yenu. Mi nakaa Igoma, na hapa parokiani kwetu kuna vijana wana kikundi cha maigizo. Ni watoto tunaowajua kabisa, mmoja fundi cherehani, mwingine anaendesha boda, kuna wa chuo pale SAUT, na binti wa jirani yangu naye yumo. Mazoezi wanafanyia kwenye darasa la shule jioni wakishatoka kwenye mihangaiko yao, na hakuna anayewalipa hata senti. Mwezi uliopita walionyesha igizo lao uwanja wa nje ya kanisa, kiingilio buku mkubwa na jero mtoto, nikabeba wanangu nikaenda.

Sasa nisiwafiche, kuna mahali niliumia. Maiki ilikuwa moja tu inapokezanwa, mtu akiipata anaikumbatia hadi anasahau kuigiza, wengine wanaongea wamewapa watu mgongo husikii kitu. Giza lilipoingia taa ikavuta wale wadudu wa ziwani wakajaa jukwaani, waigizaji wanaongea huku wanajipangusa midomo. Afu ikafika sehemu ya mama anayepewa taarifa kwamba mwanae kazama ziwani, yani mama wa watu anaanza kulia na uwanja mzima unaangua kicheko! Nilijisikia vibaya mno kwa niaba yao. Lakini huyu binti wa jirani yangu, maana yeye ndo alikuwa huyo mama, hakutetereka. Aliacha kulia, akakaa chini, akachukua shati la mwanae akawa analikunja, akimaliza analikunjua analikunja upya, hasemi kitu. Kicheko kikawa kinapungua chenyewe mpaka pakawa kimya kabisa. Nina king'amuzi ndani na tamthilia naangalia kila siku ila sijaona kitu cha kunishika vile.

Kesho yake kaja nyumbani kuniuliza, "mama mlituonaje?" Nikamjibu mmefanya vizuri sana, hongereni. Nikaona kama kanyong'onyea, alikuwa anasubiri kitu kingine. Sasa wanarudia igizo hilohilo mwezi huu na atakuja kuniuliza tena. Vijana wanaojitolea hivi unawaambia palipoharibika au unawatia moyo tu? Na watu kucheka sehemu ya msiba ni kawaida au ni dharau? Mume wangu naye anauliza kwa nini nitoe hela kuangalia watoto wa mtaani wakati TV ipo, sijampa jibu la maana bado.

Maleba_ya_Mtumba
Dada MamaPendo, mi naongoza kikundi huku upande wa Ilemela, na sisi ni wa kujitolea vilevile, kwa hiyo nakujibu kama mmoja wa hao watoto. Tuambie. Tafadhali tuambie! Mtu anayetoka kwenye onyesho anasema "hongereni" na kuondoka anatuacha palepale tulipokuwa, tunarudi mazoezini tunakisia tu wapi pamepwaya.

Ila namna ya kusema ndo muhimu. Ukisema "mmeharibu" kijana anaumia na hapati cha kurekebisha, ukisema "mmeweza" anafurahi na bado hana cha kurekebisha. Mwambie ulikaa wapi na igizo lilikupotea wapi. Mfano "nilikaa nyuma karibu na mwembe, yule baba alipogombana na mwenyekiti wa mtaa sikupata hata neno moja." Hilo tunalifanyia kazi kesho yake jioni, tunamsimamisha yule baba uwanjani na mmoja wetu anaenda kusimama mwembeni, anarudia mpaka asikike. Au "sikuelewa yule dada ni mke au ni mdogo wake." Maneno kama hayo kwetu ni mali. Na lile la shati umwambie hivyohivyo ulivyotuandikia sisi, kwa sababu inawezekana kabisa hajui kwamba pale ndipo alipowakamata watu, na onyesho lijalo akaliacha akarudi kupiga mayowe.

Kuhusu kicheko, hapana sio dharau, mara nyingi watu hawamcheki yule mama wa kwenye igizo, wanamcheka binti wanayemjua, jana kapita kwao kununua mkaa leo analia msiba. Wengine wanacheka kwa sababu msiba unawagusa na hawajui waweke wapi uso. Huku ziwani nani hana mtu aliyezama? Kazi ya mwigizaji ni kukaa ndani ya uhusika na kuwapa watu muda wafike alipo yeye. Akikasirika au akicheka na yeye basi limekufa. Sasa binti wa jirani yako alitulia na akaipa mikono yake kazi ya kufanya, kitu ambacho sisi tunawahubiria watu mazoezini mwaka mzima hawaelewi. Huyo mlindeni.

La maiki ni ugonjwa wa vikundi vyote. Watu wanadhani bila maiki haijawa shughuli. Waambie waitupe. Wapange watazamaji wakae duara au nusu duara karibu, watoto chini kwenye mkeka, wakubwa kwenye viti nyuma yao, na waigizaji wajifunze kutupa sauti mpaka mstari wa mwisho. Na waanze saa kumi jioni wamalize jua likiwepo, wadudu wanasahaulika, na hela ya jenereta inabaki kwenye maleba, yani nguo za kuigizia.

Mkweli_wa_Buhongwa
Mi nitasema ambalo wengi hawasemi. Nimeenda kuangalia maigizo mengi ya hivi, ya kanisani, ya mashuleni, ya uwanjani Furahisha kwenye siku za maadhimisho, na naacha kwenda sio kwa sababu ya maiki. Naacha kwa sababu najua mwisho kabla hawajaanza. Mtu anayekunywa pombe atapigwa na gari au atafungwa, binti asiyesikia wazazi atapata mimba, na mtoto mtiifu atasoma mpaka awe daktari. Wakimaliza anakuja MC anaturudia palepale tulichotoka kuangalia, anafuata mgeni rasmi anaturudia kwa mara ya tatu. Igizo nusu saa, hotuba saa nzima. Hii ni kumwagia maji mchuzi ulioiva.

Na nasema hivi kwa sababu nayapenda haya mambo. Hawa vijana wanaishi kwenye visa vizuri kuliko hivyo vya kufundishana. Nendeni mwaloni Kirumba alfajiri mkaone dagaa wanavyopigwa bei, mama ana mkopo wa kikundi anasubiri boti, boti imerudi tupu, mwenye boti ndo baba mkwe wake. Hapo hamna mwema wala mbaya na kila mtu ana haki yake. Mtu aniigizie hicho nitalipa buku tano na nitasimama kama viti havitoshi.

Maleba_ya_Mtumba
Mkweli umenigusa panapouma. Nikueleze inavyokuwa kwa upande wetu. Kikundi hakina hela, anakuja mfadhili ana mradi wake, anataka igizo la dakika ishirini lenye ujumbe, na ujumbe kaandika yeye. Tunachukua kwa sababu ndo nauli na ndo spika. Lakini hata humo kuna nafasi. Sisi siku hizi tunafika kwenye kile kisa kigumu tunasimamisha, hatumalizi. Tunawauliza watu, huyu mama angefanya nini? Anayesema "angekataa" tunamwambia njoo ukatae wewe, anavua ndala anaingia jukwaani anachukua nafasi ya mwigizaji na wenzake wanambana kwelikweli, ajue kukataa kunavyokuwa. Njia hii ilienezwa na Mbrazili mmoja, Augusto Boal, tangu miaka ya 1970. Mwalimu aliyetufundisha alitupa mazoezi yake na huku uswahilini imekubali sana. Ukishafanya hivyo mgeni rasmi hana tena cha kuhutubia, watu wameshasema wenyewe.

Ng'wana_Kwimba
Wanangu mwadeela, nawasalimu kwa Kisukuma. Nimesoma yote kwa furaha na naona mnazungumza kitu chenye mizizi hukuhuku kwetu, ngoja niwape.

Kwanza Malya, kule Kwimba. Mwaka 1982 hadi 1983 walimu wa sanaa za maonyesho kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuja kufanya kazi na wanakijiji, akina Penina Muhando Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi. Hawakuja na igizo mfukoni. Walikaa na watu, wakawauliza nini kinawasumbua, na moja ya yaliyotoka ni mimba za wanafunzi. Vijana wa palepale ndio walioligeuza kuwa ngoma, nyimbo na maigizo kwa namna wanayoijua wenyewe, wakaonyesha mbele ya kijiji na kijiji kikajadili. Fikirieni hapo, jambo ambalo wazazi walikuwa wanalinong'ona likazungumzwa uwanjani na kila mtu yupo. Huo ujumbe hakuandika mfadhili, kwa hiyo Mkweli yuko sahihi lakini dawa yake tunayo siku nyingi.

Pili Bujora, pale Kisesa. Wengi mnapajua kwa makumbusho ya Wasukuma aliyoyaanzisha Padri David Clement, yule Mkanada. Kila mwezi Juni kuna sherehe ya Bulabo, Bagika na Bagalu, yaani makundi mawili ya ngoma yenye upinzani, wanashindana kucheza. Hawapokezani zamu! Wanacheza wakati mmoja, pande mbili za uwanja, na mtazamaji anakwenda anakotaka. Upande uliojaza watu ndio umeshinda. Kwa hiyo binti yangu MamaPendo unapouliza kama mtazamaji aseme ukweli, kwa Msukuma mtazamaji ndiye jaji tangu mababu, tena anasema kwa miguu yake. Mchezaji akiona watu wanahamia upande wa pili hakasiriki, anatafuta mbwembwe nyingine. Ndio maana wengine wakaleta nyoka na fisi uwanjani.

Huyo binti anayekuja kukuuliza mlituonaje ana adabu ya zamani ya wachezaji. Mjibu.

Teacher_wa_Nyegezi
Shikamoo mzee. Umenikumbusha mbali. Mi nilisoma shule ya msingi huku vijijini Mwanza kipindi cha mradi wa MEMA kwa Vijana, ulianza mashuleni 1999, ulikuwa wa afya ya uzazi kwa vijana. Kulikuwa na wanafunzi wanaofundishwa kuigiza vipande vifupi mbele ya darasa, wenzao wa darasani kabisa. Maneno ambayo mwalimu akiyasema tunainamisha vichwa, mwenzetu akiyaigiza tunacheka na baada ya hapo tunauliza maswali. Sasa nafundisha na mi nina klabu ya maigizo, kwa hiyo naongezea kidogo kwa wanaopeleka watoto.

Watoto wakae mbele na wasinyamazishwe kila dakika, mtoto akimwambia mwigizaji "yuko nyuma yako!" hilo ndo igizo lenyewe. Wapeleke wamekula, mchukulie sweta maana upepo wa ziwa jioni haumjui mtoto, na ukirudi usimuulize "umejifunza nini", muulize nani alikuwa muongo mle ndani. Utasikia mambo.

Kuhusu kutuza nalo niseme kwa sababu linaharibu sana. Kwenye ngoma au shairi inuka ukatuze, ni heshima yao na inaongeza mori. Lakini watu wanaongea, mama kapewa taarifa ya msiba, we unapita katikati na noti ya buku mbili unambandika usoni, umemtoa kwenye uhusika na umeziba watu. Subiri waje kuinama mwishoni.

MamaPendo_Igoma
Asanteni sana jamani, mzee salamu tumezipokea wote na shikamoo yako. Mzee naomba nikuulize, sasa wale wanaocheka ovyo kule nyuma, vijana wa boda wamejazana wanaongea na simu, hao nao ni majaji? Na bado hamjanisaidia kwa baba Pendo.

Ng'wana_Kwimba
Marahaba mwanangu. Ndio, nao ni majaji, maana wangekuwa hawataki wangekuwa kijiweni. Wamesimama nyuma kwa sababu viti vya mbele vimewekewa viongozi ambao nusu yao hawajaja. Waambie hao vijana wenu waache kuwawekea watu viti vyenye vitambaa, aliyewahi akae mbele. Utaona kelele za nyuma zinavyopungua.

Kwa mumeo, mwambie Mwalimu Nyerere akiwa Ikulu, na nchi changa mikononi mwake, alitenga muda akatafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili, moja ikatoka 1963 na nyingine 1969. Mtoto wa Butiama hukuhuku ziwani. Mtu mwenye kazi zote zile hakuona maigizo ni mambo ya watoto.

Mkweli_wa_Buhongwa
Mzee, baba Pendo hatashawishika kwa Shakespeare, samahani. Shemeji mwambie hivi, ile TV inawaonyesha watu wa Uturuki na Ufilipino wanagombania mirathi ya kampuni. Lini TV itamuonyesha mtu wa Igoma aliyekopa kwenye vikoba? Hiyo buku anayoitoa inabaki mtaani kwake, inanunua kitambaa kwa fundi wa mtaani kwake na inamfanya kijana wa mtaani kwake asimame mbele za watu mia aseme kitu akasikilizwa. Kijana akishasikilizwa hivyo mara moja habaki vilevile, nimeona kwa mdogo wangu, alikuwa haongei hata mezani.

Maleba_ya_Mtumba
Na mi naongeza, mlete mazoezini. Sio kwenye onyesho, mazoezini. Mume wa dada yangu alikuwa anasema hivyohivyo, tukamwomba aje atusaidie kupigilia jukwaa, akakaa anaangalia watu wanarudia sehemu moja ya kugombana mara nyingi mpaka usiku, kila mara inabadilika kidogo. Akaanza kutoa maoni, "hapana, mwanaume akidaiwa hasimami hivyo." Alikuwa sahihi bwana, tukabadilisha. Sasa hivi hakosi. Wengi wanadhani watu wanapanda tu wanasema, wakishaona jasho lilipo wanaheshimu.

MamaPendo_Igoma
Wadau nimerudi na habari. Binti nimemuita nyumbani nikamwambia yote, nilikaa wapi, sikusikia nini, na la shati nikamuelezea mwanzo mwisho. Kumbe lile shati halikuwemo kwenye igizo kabisa! Anasema watu walipocheka aliishiwa, akaona shati limedondoka pale chini akaliokota tu. Mwongozaji wao baada ya onyesho alimwambia siku nyingine afuate mazoezi, asiongeze vitu. Ndo maana alikuja kuniuliza amenyong'onyea, alitaka kujua kama kaharibu. Nikamwambia mwanangu pale ndipo uwanja wote ulipokuwa wako.

Kaenda kuwaambia wenzake, wakabishana sana anasema, mwisho wamekubali shati libaki. Maiki wameiacha. Wanaanza saa kumi Jumapili ijayo na watu watakaa duara. Viti vya vitambaa bado wanagombana na katekista.

Baba Pendo kasema atakuja kuangalia kama nyaya za spika zimefungwa vizuri kwa sababu ni fundi umeme. Nimemwambia spika hakuna safari hii, kasema atakuja hivyohivyo.

Maleba_ya_Mtumba
Dada huyo mwongozaji naomba umpe salamu zangu na umwambie kwa heshima zote, mimi naye ningemwambia binti afuate mazoezi, kwa sababu kikundi ambacho kila mtu anaongeza lake hakiendi. Lakini kikitokea kitu kama kile unakichukua unakiingiza kwenye mazoezi, unamuuliza mwigizaji alikuwa anafikiria nini, mnakifanyia kazi mpaka kiweze kurudiwa. Hatari iliyopo sasa ni alikunje lile shati kwa sababu watu walilipenda. Akumbuke kila siku kwamba ni la mwanae.

Mkweli_wa_Buhongwa
Hotuba ipo?

MamaPendo_Igoma
Padri atafungua kwa sala fupi na atakaa mkekani na watoto, kaahidi mwenyewe. Mgeni rasmi hakuna.

Mkweli_wa_Buhongwa
Basi nakuja na mdogo wangu. Nikitokea Buhongwa nishukie wapi?

MamaPendo_Igoma
Panda za Igoma mpaka mwisho, ukishuka ulizia kanisani mtu yeyote atakuonyesha. Uwahi, viti ni vichache.